Daktari Hakuitwa

Mwishoni mwa Oktoba 2008, katika Hospitali ya Furness General mjini Barrow-in-Furness, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, alizaliwa mtoto wa kiume. Chupa ya mama yake ilikuwa imepasuka kabla uchungu haujaanza, na mama mwenyewe alikuwa akijisikia mgonjwa siku hizo. Muda mfupi baada ya kujifungua akazidiwa. Wakamtundikia dripu, wakampa antibiotiki, akapata nafuu. Mtoto hakupewa chochote. Baba akauliza kama mtoto naye hahitaji dawa. Akaambiwa asiwe na hofu, mtoto hajambo.

Mtoto alikuwa anaumwa. Alipopimwa, joto la mwili wake lilikuwa chini. Wakamlaza kwenye kitanda cha kumpasha joto, akapata joto kidogo, wakamrudisha kwa mama. Alipopimwa tena, joto lilikuwa limeshuka tena. Katika hospitali hiyohiyo walikuwapo madaktari wa watoto, na hakuna aliyekwenda kuwaambia kwamba kuna kichanga ambaye mama yake ametibiwa maambukizi na mwili wake haukai na joto. Alipotimiza kama siku moja alikutwa amezidiwa. Akakimbizwa Manchester, kutoka huko Newcastle, na huko akafariki akiwa na umri wa siku tisa. Bakteria walikuwa wameingia kwenye damu. Dawa ambayo ingeweza kumwokoa ilikuwa wodini, na mama yake alikuwa ameshapewa kwenye mishipa yake.

Chati iliyoandikwa vipimo vya mtoto ilipotea. Haijapatikana.

Ni vizuri tutulie kidogo kwenye hilo suala la joto, kwa sababu ndilo kiini cha kisa. Kichanga mwenye maambukizi makali si lazima achemke. Mara nyingi hupoa. Katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kumhudumia mtoto mgonjwa, ambao wahudumu wa zahanati na vituo vya afya vya Tanzania na Kenya wanafundishwa, kichanga mwenye joto chini ya nyuzi 35.5 amewekwa kundi moja na mwenye homa: wote wawili wana dalili ya hatari. Wakunga wa Barrow walipohojiwa baadaye walisema hawakuwa wanajua kwamba mwili kupoa ni dalili ya maambukizi. Wote, kwa pamoja, hawakujua. Tume iliyochunguza mambo hayo haikukubali. Iliona kuwa huko ni kuupinda ukweli.

Tume hiyo iliongozwa na Dkt. Bill Kirkup, na ripoti yake ilitoka Machi 2015. Ilipitia mambo ya wodi hiyo ya wazazi kuanzia Januari 2004 hadi Juni 2013. Ilikuta matukio 20 ambayo huduma ilikuwa mbovu kwa kiwango kikubwa, yakihusisha vifo vya akina mama 3 na watoto 16. Kati ya hao, mama 1 na watoto 11 wangetegemewa kuwa hai kama wangehudumiwa tofauti. Hospitali ya Royal Lancaster Infirmary, iliyokuwa chini ya uongozi uleule, ilikuwa na makosa ya aina hiyo karibu mara nne pungufu. Kwa hiyo haikuwa suala la bajeti ya nchi, wala la kukosa vitabu, wala la kukosa gari la wagonjwa. Tume ilikuta ujuzi uliopwaya, ikakuta wajawazito wasiopimwa hatari zao sawasawa, na ikakuta kwamba uhusiano kati ya wakunga, madaktari wa uzazi na madaktari wa watoto ulikuwa umeoza.

Nawaomba wasomaji walio wakunga wasikasirike kabla sijamaliza, na walio madaktari wasianze kutikisa vichwa kwa kuridhika.

Tuanze na wakunga. Palikuwa na wimbi la kutaka mama ajifungue kwa njia ya kawaida, bila kuingiliwa bila sababu. Wimbi hilo lilikuwa na chimbuko la heshima. Ni kweli kwamba wanawake wengi, Ulaya na kwetu, wamepasuliwa bila ulazima, wamelazwa chali kama mizigo, wameharakishwa kwa dripu za kuongeza uchungu ili zamu ya mtu iishe mapema. Mkunga anayemtetea mama dhidi ya hayo anafanya kazi takatifu. Lakini Barrow utetezi huo uligeuka kuwa msimamo wa kundi. Uzazi wa kawaida ukawa lazima, kwa vyovyote vile. Wakunga wachache wenye sauti kubwa wakashikamana hadi wakaitwa “Musketeers”, wale askari wa riwaya ya Alexandre Dumas, na sauti yao ndiyo iliyokuwa ikisikika wodini. Mambo yalipofika hapo, kumwita daktari hakukuwa tena hatua ya kazi. Kulikuwa ni kushindwa. Mjamzito ambaye hali yake haikuwa ya kawaida akahesabiwa kuwa wa kawaida, kwa sababu kukiri vinginevyo ni kumkabidhi kwa upande wa pili.

Madaktari nao walikuwa na sehemu yao, na si ndogo. Tume ilikuta makosa ya kitabibu kwao pia. Na hata pale ambapo hawakukosea mikono, walikubali mpaka uwekwe kati yao na wakunga. Daktari wa uzazi anayejua kwamba chumba cha pili yumo mama mwenye hatari, akakaa kusubiri aitwe rasmi ndipo asimame, hawezi kujitetea kwamba hakuambiwa. Bingwa ni kiongozi wa wodi hata asipokuwa na cheo kwenye mlango. Kama wakunga hawamwiti, swali la kwanza ni lake: nimefanya nini mpaka hawaniiti?

Tumezoea kusema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Barrow fahali hawakupigana. Walipeana migongo, kila mmoja akala upande wake, na mtu aliyepita wodini asingesikia kelele yoyote. Ndiyo maana kisa hiki kinanisumbua kuliko vile vya hospitali zenye magomvi ya wazi. Ugomvi wa wazi unasuluhishwa, kwa kuwa kila mtu anauona.

Sheria yenyewe ya Uingereza ilikuwa imepanda mbegu zamani. Sheria ya Wakunga ya mwaka 1902, iliyotungwa baada ya mabishano marefu ambamo madaktari wengi walikuwa wakiipinga, ilimtambua mkunga na kumpa uzazi wa kawaida. Penye tatizo, kanuni zilimtaka amwite daktari. Lilisikika kuwa jambo la busara, na lilikuwa la busara, ila lilisahau kitu kimoja: nani atamlipa daktari aliyeitwa? Familia maskini hazikuwa na fedha. Daktari aliyejua hatalipwa aliona uzito kutoka, na mkunga aliyejua hayo aliona uzito kumwita. Ilibidi ije sheria nyingine mwaka 1918 iliyotaka mamlaka za mitaa zimlipe daktari aliyeitwa na mkunga. Miaka 16 ilipita kati ya sheria iliyosema “ita” na sheria iliyowezesha kuita. Mkuu yeyote wa hospitali anayedhani kazi yake imekwisha akishabandika ukutani tangazo la “Mwite daktari mapema” angezingatia hilo. Amri ya kuita haina maana pale ambapo kuita kunamgharimu anayeita. Wakati ule gharama ilikuwa shilingi za familia. Huko Barrow gharama ilikuwa heshima mbele ya wenzake.

Sheria ileile ya 1902 ilileta utaratibu mwingine: mkunga asimamiwe na mamlaka maalumu, na katika miaka ya baadaye msimamizi huyo akawa mkunga mwenzake. Mkunga akikosea, mkunga ndiye anayemchunguza. Fikiria wodi ndogo, kwenye ncha ya rasi, mji wa watengeneza meli ambako watumishi hukaa kazini miaka na miaka bila kwenda kuona wengine wanafanyaje. Msimamizi na anayesimamiwa wamelea watoto pamoja. Mwaka 2008 peke yake yalitokea matukio mazito matano: mama aliyefariki baada ya shinikizo la damu kuachwa bila kutibiwa, mama na mtoto wake waliofariki pamoja, mtoto aliyekosa oksijeni wakati wa uchungu akafa, mwingine aliyekosa oksijeni akabaki na madhara, na huyu kichanga niliyeanza naye. Kila moja likachunguzwa kivyake, juujuu, kama ajali isiyo na ndugu. Hakuna aliyeyapanga mezani yote matano akauliza yanafanana nini. Mfumo huo wa wakunga kusimamiwa kisheria na wakunga ulifutwa Uingereza mwaka 2017, na kashfa ya Barrow ilikuwa miongoni mwa sababu.

Ofisi za juu hazikuwa na la kujivunia. Katika miaka hiyo hiyo uongozi wa hospitali ulikuwa mbioni kutafuta hadhi ya kujiendesha ndani ya huduma ya afya ya taifa, na ukaipata mwaka 2010. Mwaka huo huo uongozi ulikuwa na ripoti mkononi, iliyotengenezwa kwa maombi yake wenyewe, iliyoeleza kwamba wakunga na madaktari hawafanyi kazi pamoja. Ripoti hiyo ilisambazwa kwa watu wachache, na vyombo vya nje vya usimamizi havikuipata kwa wakati. Waliofuatilia hadi mambo yakajulikana ni wazazi waliofiwa. Walifuatilia miaka na miaka, huku wakiitwa wasumbufu. Baba wa yule mtoto aliandika barua, akaomba kumbukumbu, akakataa majibu yaliyofanana. Kazi ambayo bodi ililipwa kuifanya ikafanywa na mtu aliyekuwa kwenye msiba.

Mtu angetegemea kwamba nchi iliyosoma ripoti ya namna hiyo isingehitaji nyingine. Oktoba 2022, Kirkup huyohuyo alitoa ripoti kuhusu hospitali za East Kent, upande wa pili wa Uingereza. Alipitia kesi 202. Katika kesi 97 matokeo yangeweza kuwa tofauti kama huduma ingekuwa ya kiwango kinachokubalika, na kati ya vifo 65 vya watoto, 45 vingeweza kwenda vinginevyo. Aliyakuta yaleyale: wakunga na madaktari wanaodharauliana, mama anayesema kuna kitu hakiko sawa asisikilizwe, wakubwa wanaojihami. Miezi michache kabla, Machi 2022, ripoti ya mkunga Donna Ockenden kuhusu hospitali za Shrewsbury na Telford ilikuwa imetaja watoto 201 na akina mama 9 ambao pengine wangeishi. Hizi ni hospitali za nchi yenye wakunga waliosoma, damu kwenye jokofu na chumba cha upasuaji hatua chache kutoka leba. Vifaa vyote hivyo viliwekwa katikati ya watu wasiozungumza.

Nimekaa kwenye habari za Uingereza muda mrefu kwa makusudi. Huko upungufu wa vitu hauwezi kusingiziwa, basi tunauona ugonjwa wenyewe ukiwa uchi. Hapa kwetu ni rahisi kusema mama alikufa kwa sababu barabara ni mbovu au damu haikuwapo, na mara nyingi ni kweli. Lakini tukiwa wakweli tunajua kuna wale waliofia ndani ya geti, wakati mkunga anafikiria kama apige simu au asubiri kidogo.

Anachofikiria kinajulikana na kila aliyewahi kufanya kazi ya usiku wodi ya wazazi. Mara ya mwisho alipopiga simu saa tisa usiku alijibiwa, “Sista, yaani kwa hili tu umeniamsha?” Kesho yake asubuhi, mbele ya wanafunzi, akaulizwa alisoma chuo gani. Mtu aliyepitia hayo mara mbili hapigi simu ya tatu mpaka awe na uhakika, na uhakika katika uzazi huja umechelewa. Kwa upande wa pili yupo daktari kijana wa mafunzo kwa vitendo anayefika leba na wasiwasi wake, akapokelewa na mkunga wa miaka mingi: “Dokta, sisi tumeanza kuzalisha wewe hujazaliwa.” Na yeye akanyamaza, akatoka, asirudi mpaka aitwe. Tanzania jambo hili lina safu nyingine pia, maana katika vituo vingi aliyeshika kisu si bingwa bali ni daktari msaidizi, kada ambayo imekuwa ikifanya upasuaji wa uzazi tangu miaka ya 1960. Vyeo viko vingi, na kila ngazi kati ya mkunga na kisu ni mahali ambapo neno linaweza kukwama.

Dawa ya hili haianzi na semina ya upendo. Inaanza na mganga mfawidhi na muuguzi mkuu kukaa mbele ya watumishi wote, siku moja, na kutamka kwamba daktari aliyeitwa akakuta hakuna tatizo atasema asante na kurudi kulala, na atakayemfokea aliyemwita atajibu kwa maandishi. Kisha walisimamie hilo mara ya kwanza litakapovunjwa, hata kama aliyelivunja ni bingwa pekee wa wilaya. Hasa akiwa ni huyo.

Na inasaidia sana kumwondolea mkunga mzigo wa kuamua peke yake kwamba sasa ni wakati wa kuita. Hili liligunduliwa Afrika. Patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu tunayoifahamu, yenye mistari miwili ya mshazari, ilichapishwa mwaka 1972 na R. H. Philpott na W. M. Castle kutokana na kazi yao katika mji ambao leo ni Harare. Walikuwa na wakunga katika kliniki za pembezoni na madaktari wachache hospitali kuu. Wakachora mstari wa tahadhari unaofuata mlango wa uzazi kufunguka kwa kasi ya sentimita moja kwa saa, na mstari wa kuchukua hatua saa nne mbele yake. Mchoro wa kufunguka kwa mlango huo ukivuka mstari wa kwanza, mama anasafirishwa kutoka kliniki kwenda hospitali, na zile saa nne ni za safari na maandalizi. Mkunga haombi radhi kwa kumwita mtu. Mstari umevukwa, basi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilileta mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu, kwa kuwa si kila mama anayekwenda polepole kuliko sentimita moja kwa saa yuko hatarini, na huo ni uboreshaji wa kweli. Lakini karatasi yoyote inayojazwa baada ya mtoto kuzaliwa, ili faili lionekane limekamilika, imeshageuzwa kuwa ushahidi wa kujilinda. Wanaosimamia leba zetu wanajua ni ngapi zinajazwa hivyo.

Mfano ulio karibu zaidi na sisi ni wa mwaka 2023. Yalitangazwa matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham na kufanyika katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukihusisha wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Katika hospitali zilizopewa utaratibu mpya, kila mama alitandikiwa chini ya makalio karatasi ya plastiki yenye mfuko uliochorwa mistari ya kupimia, damu ikadondokea humo. Ikifika mililita 500, au ikifika 300 na dalili nyingine zikawa si nzuri, mkunga anaanza mara moja, vyote kwa pamoja: anakanda mfuko wa uzazi, anatoa oksitosini na dawa ya kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke, anatundika maji, anachunguza damu inatoka wapi, na kama haikomi anaita msaada. Hangoji ruhusa ya mtu kuanza. Katika hospitali zilizofuata utaratibu huo, damu iliyopita kiasi ilitambuliwa kwa asilimia 93 ya waliovuja. Katika zile zilizoendelea kukadiria kwa macho ilitambuliwa kwa asilimia 51. Wanawake waliofikia hali mbaya kabisa, yaani kuvuja lita nzima au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa damu, walikuwa asilimia 1.6 katika hospitali za utaratibu mpya na 4.3 katika zile za kukadiria kwa macho.

Dawa hizo zilijulikana kabla ya hapo. Kilichobadilika ni kwamba kila mtu alijua mapema anachotakiwa kufanya na nani anaanza. Daktari anapopigiwa simu haambiwi “anatoka damu sana, njoo.” Anaambiwa ni mililita ngapi, dawa gani zimeshaingia na ziliingia saa ngapi. Hana la kubishania hapo. Anavaa viatu anakuja.